Siku Niliyojifanya Najua Kimasai

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia kabla hajasikia. Sikusukumwa, sikutishwa, sikulewa. Niliulizwa swali moja tu, nikajibu uongo, na mzee wa watu akafa.

Jina langu sitalitaja. Nina wajukuu, na wao hawana hatia. Lakini jina lake nitalitaja, kwa sababu ndilo nililolichafua. Aliitwa Mzee Saning'o, Mwarusha wa miteremko ya Meru, na Waarusha husema Kimasai.

Mimi si mtu wa huko. Kwetu ni Utaita, ng'ambo ya mpaka, upande wa Mwingereza. Arusha wakati ule ilikuwa ya Mdachi, yaani Mjerumani. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, nimesoma misheni, najua kuandika, najua Kiswahili cha watu wa Mombasa na Kiingereza cha kuombea maji. Basi kichwa kimevimba! Wakubwa wangu wakanituma nikajifunze ualimu kwenye misheni iliyokuwa changa pale mlimani. Tukatembea siku nyingi, Taveta, Moshi, mito isiyoisha, hata tukafika jioni moja nyayo zikiwa zimechanika.

Aliyenipokea alikuwa mwalimu Mmeru, mtu mzima, mpole, mwenye kusema kidogo. Asubuhi akaniambia, "Leo pumzisha miguu. Kesho nitakushusha mjini mwenyewe, nikujulishe kwa watu."

"Nataka kutazama tu, Mwalimu."

"Mji wa watu hauingiwi kwa pupa, mwanangu. Subiri kesho."

Akachukua jembe akaenda kwenye migomba yake. Mimi nikavaa shati langu jeupe, nikashuka peke yangu. Ndugu zangu, laiti ningevunjika mguu njiani!

Nakumbuka kila kitu cha siku ile, na ndiyo adhabu yangu. Nakumbuka baridi, mimi niliyedhani nchi zote za chini ya jua zina jua. Nakumbuka mlima umejifunika wingu hadi kifuani. Nakumbuka boma la Wadachi, kuta nyeupe zinaumiza macho, na askari mlangoni wamesimama kama wamepigiliwa misumari. Palikuwa na maduka ya Wahindi, majora ya vitambaa, kaniki na merikani, yamepangwa hadi darini. Palikuwa na Makaburu wamefika na magari makubwa ya kukokotwa na ng'ombe, watoto wao weupe wanachungulia nyuma ya turubai. Wanawake wa Kiarusha walipita na vibuyu vya maziwa, shanga zinalia shingoni. Nilizunguka mdomo wazi. Nilijiona nimeumbwa kwa ajili ya siku ile.

Karibu na nyumba za Waswahili nikamkuta mama mmoja wa Pangani anakaanga vitumbua. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Lafudhi hiyo si ya huku."

"Natoka kwa Mwingereza, mama. Mimi ni mwanafunzi."

"Na huku mlimani utasema nao nini? Hawa wengi Kiswahili hawana."

Hapo ndipo shetani aliponivuta ulimi. "Lugha hazinishindi," nikasema. "Hata Kimasai najua. Kama maji!"

Uongo mtupu! Kimasai changu kilikuwa cha sokoni kule Taveta: kusalimu, majina ya mifugo, njoo, nenda, sema, nyumbani, mke wangu, leo, jana. Basi. Mama akacheka, akanipa kitumbua.

Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama askari anasubiri vyake. Akanishika bega. "Wewe kijana wa shati jeupe. Umesema unajua Kimasai?"

Angalieni, hapa ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema, "Hapana afande, natania." Mama wa vitumbua alinitazama. Nikaona haya. Haya ya kitu gani, sijui! Ya mbele ya mama nisiyemjua, aliyekwisha kunipa kitumbua!

"Najua," nikasema.

"Basi twende bomani. Mkalimani ana homa, haamki. Bwana Shauri ana kesi na anafoka."

Bwana Shauri ndiye Mdachi aliyekuwa akisikiliza kesi za wenyeji. Alikuwa barazani nyuma ya meza, mwembamba, amekunja mikono ya shati. Kiswahili alikijua vizuri. Kimasai hakukijua. Mbele yake alisimama mzee mrefu, shuka begani, masikio yametobolewa yananing'inia, kifundo cha mguu kimefungwa jani juu ya jeraha. Huyo ndiye Saning'o. Pembeni, punda wa boma amefungwa kwenye nguzo anapiga masikio.

Askari akatoa maelezo. Punda alipotea siku tatu. Wamemkuta mzee huyu anamvuta kwa kamba. Wapi? Chini ya Lemara, kijitoni, anakuja upande wa huku.

Anakuja upande wa huku! Mwizi gani anavuta punda wa boma kuelekea bomani? Sikuuliza. Hakuuliza mtu.

"Mwambie aseme yake," Bwana Shauri akaniamuru.

Nikamsalimu mzee kwa Kimasai, nikamwambia, "Sema." Uso wake ukafunguka. Jamani, alifurahi! Alidhani amepata mtu. Akaanza kusema, taratibu, kwa adabu, ananyoosha mkono huku na huku. Alisema kwa kirefu. Mimi nilishika maneno matano: punda, nyumbani, jana, mke wangu, ng'ombe. Mengine yalipita kama maji ya mto.

"Anasemaje?"

Jasho likanitoka na baridi ile. Nikayashona yale matano. "Anasema alimpeleka punda nyumbani jana, Bwana. Mke wake alitaka... wana shida ya ng'ombe."

"Kwa hiyo alimchukua?"

"Alimchukua, Bwana."

Bwana Shauri akaandika. Mzee alikuwa ananitazama mimi, kisha kalamu, kisha mimi. Uso wake ukaanza kujifunga. Akasema sentensi moja, fupi, akiwatazama wale askari mmoja mmoja, kisha akairudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Na hilo?"

Sikulijua hata neno moja. "Anaomba msamaha, Bwana."

"Aha. Amekiri." Akafunga daftari.

Viboko ishirini na tano, kisha mnyororo, kazi ya barabara miezi sita. Viboko alichapwa palepale uani. Sikuondoka, kwa kuwa nilidhani sina ruhusa. Mzee hakulia. Ile sentensi yake fupi aliisema tena mara mbili, katikati ya viboko, hata pumzi ikamwisha.

Afande akanipigapiga mgongoni. "Umetusaidia sana, kijana." Na mimi, Mungu anisamehe, nilipandisha mlima nikiona fahari.

"Ulikuwa wapi?" Mwalimu aliniuliza.

"Natazama mji tu."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha siku yangu ya kwanza ya ugenini.

Basi nikakaa, nikasoma, nikaanza kujifunza Kimasai cha kweli, kwa sababu wanafunzi wetu wengi walikuwa Waarusha. Kilinikaa haraka. Ikapita kama miezi minane.

Siku moja mchana nilikwenda mferejini kuchota maji. Wanawake wawili walikuwa wanagombania zamu ya kumwagilia. Mmoja akachoka, akampa mwenzake mgongo, akawageukia waliokuwepo, akasema sentensi moja.

Ilikuwa ileile! Sauti ileile, mkato uleule. Safari hii niliielewa.

"Mtu huyu hanielewi."

Ndoo ilinitoka mkononi. Yule mzee hakuomba msamaha. Alikuwa anawaambia askari, mtu huyu hanielewi. Aliwaambia barazani, akawaambia chini ya kiboko. Na wa kuyafikisha maneno hayo nilikuwa mimi!

Baada ya hapo sikulala vizuri tena, na hata mchana sikupata amani. Maneno yake mengine yakaanza kurudi moja moja. Nilikuwa nimeyasikia bila kuyaelewa, lakini masikio yalikuwa yameyaweka. Niko darasani najifunza kufundisha, neno linafunguka. Niko mezani, lingine. Baada ya wiki mbili nilikuwa nayo karibu yote. Punda alikuja mwenyewe jana akachanganyika na ng'ombe wangu. Mke wangu akaona alama ya boma. Akaniambia, mpeleke nyumbani kwao kabla hawajaja na bunduki. Mguu unaniuma lakini nikaja.

Nikamwendea Mwalimu, nikamwambia kila kitu. Nilitaka anipige; hakunipiga. Kesho yake alishuka bomani kuuliza. Akarudi jioni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Amekufa. Kuhara damu, kwenye barabara ya Moshi. Wamemzika hukohuko, hata mahali hawapakumbuki."

"Nifanyeje, Mwalimu?"

"Ana mke, nimeonyeshwa nyumbani kwake. Nenda."

"Utanisindikiza?"

"Mjini ulikwenda peke yako. Na huko nenda peke yako."

Nilikwenda. Mjane wa Saning'o alikuwa anakamua ng'ombe. Niliinamisha kichwa mbele yake, kama vijana wa kule wafanyavyo, ili mkubwa akiguse. Alimaliza kukamua kwanza. Kisha akakigusa, kidogo tu, akauliza mimi ni mtoto wa nani.

Nikamwambia. Nikamweleza yote kwa Kimasai, na sasa kilitoka vizuri mno. Kilinichukiza mdomoni.

Hakupiga kelele. Alisema, "Sisi tuliambiwa alikiri kwa kinywa chake."

"Hakukiri, mama."

"Watu wa rika lake wamejitenga na sisi. Hawali kwangu. Binti yangu alikuwa ameposwa, wamekuja kuchukua ng'ombe wao, wanasema hawaoi nyumba ya mwizi. Na mimi nilianza kumchukia mume wangu. Nilisema, mbona nilimwambia ampeleke punda bomani? Alimpeleka wapi? Miezi yote hii namchukia maiti."

Nililia. Yeye hakulia.

"Siku ya tatu wazee wanakutana," akasema. "Njoo useme haya mbele yao, kama ulivyoniambia mimi. Usiongeze, usipunguze."

"Nitakuja, mama."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

Nilikuwa na nia, haki ya Mungu. Lakini siku ya pili nikaanza kufikiri. Wazee watasema. Maneno yatashuka bomani. Bwana Shauri atajua kuwa nilimdanganya mezani kwake, na ule mnyororo una nafasi. Niliona kiboko, nikaona barabara ya Moshi, nikaona kaburi lisilojulikana mahali.

Alfajiri ya siku ya tatu, siku ya wazee, nikafunga mzigo. Nikapita Tengeru watu wakianza kupanga ndizi sokoni, sikumsalimu mtu. Nikavuka mto, nikavuka mpaka, nikarudi kwetu. Nikasema nimeugua.

Hili ndilo linaloniua zaidi ya lile la kwanza. La kwanza lilikuwa upumbavu wa kijana. Hili nililifanya nikijua lugha, nikijua jina, nikijua binti anangoja.

Ualimu sikuupata. Nilifanya kazi za mikono maisha yangu yote. Kila mwajiri aliponitaka nikalimani nilisema sijui lugha yoyote ila ya mama yangu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinilalamikia: kwa nini kila akisema neno namwambia arudie? Sikumwambia kamwe. Na hata leo, mtu akinitazama mimi, kisha akatazama kitu kingine, kisha akanitazama tena, nainuka naenda zangu.

Baada ya vita vya Mdachi na Mwingereza, Wadachi wakaondoka. Nikajipa moyo, nikarudi Arusha nikiwa mtu mzima. Mwalimu alikuwa ameshafariki. Kwa mjane nikakuta mahindi ya mtu mwingine. Nikauliza majirani, wakaniambia mama alikufa mwaka wa njaa, na binti alihama, hakuna ajuaye kwa hakika ni wapi. Wengine wakasema Monduli, wengine hapana. Bibi mmoja akauliza, "Unawatafuta wale wa yule mzee mwizi wa punda?"

Miaka yote ile, bado jina ndilo hilo! Nikafungua mdomo, na hapo nikamwambia, yeye na waliokuwa karibu. Walinisikiliza kama wanavyosikilizwa wapita njia. Kisha wakaendelea kupukuchua mahindi.

Kwa hiyo nawaambia ninyi, kwa kuwa ninyi ni wengi kuliko wao, na huenda mmoja wenu ni mjukuu wa binti yule. Mzee Saning'o hakuiba. Alikuwa anamrudisha punda, na mguu mbovu. Mke wake alimshauri vyema, naye alimsikiliza.

Na ninyi vijana mnaokwenda nchi za watu na shati jeupe na maneno matano ya sokoni, nawaombeni. Ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Utachekwa, na kicheko kitaisha kabla ya jua kuzama. Na kama umekwisha kukosa, na mtu amekuambia njoo siku ya tatu, nenda hiyohiyo siku ya tatu. Mimi nimekuja kwenu kusema baada ya miaka zaidi ya arobaini, na mama aliyeningoja hayupo wa kunisikiliza.