Ugomvi wa Kumtembeza Bi Harusi

Shangazi yangu ni fundi wa magodoro, na nasema mapema kwamba magodoro yake ni mazuri, maana mtaani kwetu kuna watu wanaopenda hadithi ya farasi wakasahau kazi ya mtu. Anachambua pamba kwa mikono, anaishindilia ndani ya kitambaa cha mistari, anashona kwa sindano ndefu. Ukililalia godoro lake, kazini utachelewa. Shida ilikuwa kulifikisha kwa mteja. Godoro la watu wawili ukilibeba kichwani huoni unakokwenda, na wabeba mizigo walikuwa wakiliburuza mpaka linafika na tope la kila kichochoro. Basi akaamua kununua farasi na mkokoteni.

Alimweleza mumewe wakati wa chai. Mumewe ni kinyozi, na sote tunamwita hivyo hivyo, Kinyozi, hata shangazi mwenyewe. Ni mpole hadi anakera. Alipoulizwa tarehe ya harusi yao alijibu, "Sawa tu." Alipoulizwa kama wahamie nyumba yenye ua mkubwa, "Sawa tu." Na siku ile ya farasi akaweka kikombe chini, akafuta masharubu, akasema, "Sawa tu."

Shangazi akaja kwetu amenuna. "Ningemwambia nanunua tembo angejibu lile lile," alimwambia baba yangu, ambaye ni kaka yake. "Sijui nimeolewa na mtu au na mto wa kulalia!"

Farasi akaletwa. Alikuwa jike, rangi ya kahawia iliyochujuka, ametoka kwa muuza mkaa wa ng'ambo ya soko. Aliingia uani kwa shangazi taratibu, kichwa chini, hamtazami mtu, na majirani wakampa jina papo hapo: Bi Harusi. Adabu yake iliishia hapo. Shangazi alimsogelea na ndoo ya maji, akang'atwa bega. Baba akapita nyuma kumkagua, akala teke lililomtupa ndani ya rundo la pamba. Tulimvuta miguu kumtoa.

"Huyu ni wa kuchinjwa," baba alisema huku akitema pamba.

"Huyu ni wangu," shangazi akajibu.

Daktari wa mifugo, mwanamke mrefu asiyevua mabuti ya mpira, alimkagua Bi Harusi kuanzia masikio mpaka kwato, na kila alipogusa palikuwa na jambo. Kwato moja ya mbele ilikuwa na usaha. Magego yalikuwa yamechongoka yakawa yanamkata ulimi. Tumboni minyoo, tele.

"Hana roho mbaya, anaumwa," daktari alisema. "Wewe mwenye jino bovu na mguu wenye usaha, mtu akikujia na ndoo utamchekea?"

Tangu hapo shangazi akawa muuguzi. Kila asubuhi, kabla hajagusa pamba, alikanda ile kwato kwa maji ya moto na chumvi, yeye kwenye kigoda, mguu wa farasi ndani ya beseni. Beseni lilipinduliwa, akajaza tena. Likapinduliwa tena, akalitukana kwa sauti ya chini, akajaza tena. Daktari alipokuja na tupa kusawazisha magego, Kinyozi ndiye aliyeushika ulimi, maana mikono yake haitetemeki. Na uani ikapigwa marufuku ya kelele. Tulitembea kwa ncha za vidole, tukanong'ona kama walio na mtoto mchanga, na kuku aliyethubutu kutangaza yai lake alitazamwa kwa jicho baya.

Bi Harusi akapona. Akaacha kung'ata, akanenepa, akang'aa. Kukabaki jambo moja tu: hatembei. Ukimfunga mkokoteni anatoka getini vizuri, ana hatua nzuri ajabu, kisha akifika kona ya kwanza anasimama. Shangazi alimnong'oneza maneno matamu sikioni. Kinyozi alimsukuma kwa adabu. Wapi! Alisimama pale kama amelipiwa pango, watu wakawa wanaanika nguo kwenye mkokoteni.

Baba, asiyesahau teke, akamleta mchinjaji kutazama. Mchinjaji alimtazama Bi Harusi kwa jicho la kilo, na shangazi akamtimua na sindano ya magodoro mkononi. Lakini jioni ile alikaa jikoni kwetu, akasema kwa sauti ndogo, "Akilifikisha kwa miguu yake godoro aliloagiza mwalimu, sawa. Asipolifikisha, basi, mchukueni." Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilimchukia baba kwa siku kadhaa.

Siku ya godoro la mwalimu, Bi Harusi alisimama kwenye kona yake ile ile. Mwalimu na mkewe, waliochoka kungoja, wakaja wenyewe. Mwalimu akapanda juu ya mkokoteni kufungua kamba.

"Litapita mlangoni?" mkewe aliuliza.

"Si ulipima?"

"Mimi? Wewe ndiye ulipima!"

"Nilipima dirisha!"

"Mwanamume mzima anapima dirisha!"

Bi Harusi akasimamisha masikio. Akaondoka. Mwalimu akaanguka kifudifudi kwenye godoro jipya, na mkewe akakimbia pembeni, si kwa kumwokoa, bali kwa sababu hakuwa amemaliza kusema. Alivyozidi kufoka ndivyo farasi alivyokaza mwendo. Walipita duka la mkate, wakapita kinu cha kusaga, mwalimu akijibu kutoka juu huko huko amelala. Walipofika kwao pumzi zikawaishia wote wawili, wakanyamaza. Bi Harusi akasimama mlangoni, sawia.

Shangazi hakushusha hata godoro. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza mkaa, nami nikimfuata nyuma.

Muuza mkaa alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe sikukwambia! Mimi na mke wangu tulikuwa tunagombana kutoka nyumbani mpaka sokoni. Huyo alikuwa anatembea na kelele zetu. Tukinyamaza, anajua tumefika."

Shangazi akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake safi. Zile wiki zote za kunong'ona! Kila tulipomsihi kwa sauti tamu tulikuwa tunamwambia, karibu, tumefika, pumzika.

Basi shangazi na Kinyozi wakaanza kujifunza kugombana, watu ambao hawakuwahi kupandishiana sauti. Ilikuwa aibu kusikiliza.

"Wewe!" shangazi alianza, mkokoteni ukitoka getini. "Wewe... unakoroma!"

"Kidogo," Kinyozi alikubali. Farasi akasimama.

"Usikubali!"

"Samahani."

"Usiombe samahani!"

Wakaendelea. Siku hadi siku shangazi akawa hodari: chumvi, mto, viatu vya mlangoni, vyote vilimtosha kufika hata kituo cha polisi. Kinyozi alikuwa akijibu kwa jitihada, shingo imemtoka mishipa, "Na wewe pia!" Ilitosha. Magodoro yakafika. Siku moja mama wawili wenye huruma waliwasimamisha njiani kuwasuluhisha, wakawashikanisha mikono, na Bi Harusi hakusogea tena mpaka shangazi alipowatukana wale mama wawili.

Kisha, mchana mmoja, tulimkuta Bi Harusi amekata kamba, gunia la pumba kavu liko tupu. Alikuwa analowa jasho, anajitazama ubavuni, anataka kulala. Daktari akaja mbio, akamdunga sindano, akampitishia mafuta puani kwa mrija wa mpira.

"Msokoto wa tumbo," alisema. "Mtembezeni. Akilala akaanza kugaagaa, utumbo utajisokota na mtampoteza. Akinya, amepona. Nileteeni habari kliniki, nina ng'ombe anayezaa."

Tukatoka naye, shangazi ameshika kamba, Kinyozi upande wa pili, mimi nyuma. Wakaanza na chumvi. Wakaenda kwenye viatu. Mto ukaisha kabla ya kona. Walizunguka mtaa, wakauzunguka tena, sauti zimewakauka, hatua za farasi zinapungua, na magoti yake ya mbele yakaanza kukunjika.

"Sema kitu!" shangazi alimfokea mumewe. "Sawa tu, sawa tu, maisha yangu yote sawa tu! Nitajuaje kama uko pamoja nami au unapita njia? Anaanguka! Sema!"

"Sikumtaka!" Kinyozi alipiga ukelele uliofungua madirisha. "Sikumtaka huyu farasi! Naogopa farasi tangu utotoni! Na ile nyumba sikuitaka, ina unyevu! Na harusi niliitaka mwaka mzima kabla! Nilikuwa naogopa ukijua navyotaka vitu utaniona msumbufu, uniache! Na huyu akifa leo mimi sijui nitaingiaje uani!"

Bi Harusi akainua masikio. Akapiga hatua.

Shangazi aligeuka kumtazama mumewe, akasahau kugombana. Kimya kikaanza kuingia, ikabidi nidakie mimi.

"Na nywele zangu ulizikata upande!" nilimpigia kelele Kinyozi.

"Ulikuwa unatikisa kichwa!"

"Ulikuwa unaongea na wateja!"

Tulifika hivyo karibu na geti, tukifoka kwa nguvu zote, na Bi Harusi akasimama. Kelele zipo, yeye amesimama. Nikajua ndiyo mwisho. Akainua mkia.

Sitaeleza zaidi, ila lilikuwa rundo la heshima.

Kinyozi alipiga magoti barabarani, akalichota kwa viganja viwili, la moto vile vile, akakimbia kuelekea kliniki. "Amekunya!" alikuwa akipiga kelele, machozi yanamtiririka hadi kwenye masharubu. "Jamani, amekunya!" Watu walimpisha upesi.

Shangazi alisimama akimtazama anavyokimbia. Tangu farasi yule aingie uani kwake hakuwahi kumwachia mtu mwingine kamba yake. Akanitia kamba mkononi, akavua viatu, akamkimbilia mumewe.