Arnfinn na Fimbo ya Kuokotea Wazee

Kisiwani Kalvøya hakuna sinema, kwa hiyo watu walikuwa wakimtazama Arnfinn akiruka.

Boti yetu ya abiria ilipokaribia gati, kabla haijagusa yale matairi yaliyoning'inizwa ukutani, Arnfinn alikuwa keshafika hewani, kamba mkononi. Anatua, anavisha kitanzi cha kamba kwenye nguzo ya chuma, anasimama kama mtu aliyeshuka kitandani. Baba yake aliruka hivyohivyo. Babu yake pia, mpaka siku aliyoruka mapema mno. Lakini siku hiyo kulikuwa na ukungu, na familia haiihesabu.

Mimi nilikuwa nauza kahawa na keki za moto humo botini, baada ya mimi na chuo cha ubaharia kuachana kabla ya ndoa. Baharia alikuwa Arnfinn peke yake. Nahodha alikuwa mwanamke, Borghild; dada yake mkubwa, Magnhild, ndiye mke wa Arnfinn. Yaani Arnfinn alikuwa akiamrishwa na shemeji yake mchana, na dada mtu usiku.

Majira ya baridi yalipokuwa yakielekea ukingoni, Borghild akaleta vitu viwili: jaketi la uokozi linalojijaza upepo lenyewe likizama majini, na fimbo ndefu yenye kulabu kwenye ncha.

"Hii fimbo ya nini, shemeji?"

"Ya kuvishia kamba kwenye nguzo. Wewe unabaki sitahani kama binadamu wengine."

"Hii ni fimbo ya kuokotea wazee."

"Ndiyo maana nimeagiza moja tu."

Arnfinn akaigeuzageuza kama samaki wa jana.

"Sikiliza," Borghild akasema. "Goti lako linalia kuliko injini. Ukiruka tena, au nikikukuta gatini bila jaketi, unashuka na hupandi tena. Sitaki kwenda kwa dada yangu nimeshika kofia yako mkononi."

Arnfinn hakuogopa maji. Aliogopa benchi. Pale gatini kulikuwa na benchi la mabaharia waliostaafu, mwenyekiti wao Eivind, na kazi yao ilikuwa kukosoa kila boti inayofunga. Aliyekaa pale hakuinuka tena ila kwa kubebwa. Kwetu sifa ya juu kabisa ni "si mbaya", na wengi hufa bila kuipata. Arnfinn aliruka mbele ya benchi lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kuambiwa hivyo hata kwa bahati mbaya.

Basi akatii kikwetu: akatii bila mtu kuona. Jaketi alilivaa, ila chini ya koti lake zito, zipu mpaka kidevuni.

"Umevaa?" Borghild akamuuliza kupitia dirisha.

"Nimevaa," akajipiga kifuani. Hakusema uongo.

Fimbo akaiegemeza karibu na ufagio. Tulipokuwa tunaingia Kalvøya, aliishika kweli, nilimwona. Kisha Eivind akapaza sauti kutoka benchini:

"Arnfinn! Nasikia wamekununulia mkongojo!"

Fimbo ikarudi kwa ufagio. Arnfinn akaruka.

Gati lilikuwa na barafu. Aligusa kwa kisigino, akaenda kinyumenyume, akazama katikati ya boti na ukuta. Borghild akatoa gia palepale, propela ikanyamaza. Boti ikasogea yenyewe, ikaegemea matairi, ikaacha mwanya wa upana wa mtu mmoja asiyepumua sana.

Jaketi likafanya kazi yake: likajaa. Koti nalo likafanya yake: likakataa. Arnfinn akaelea amebanwa kifua, uso umeiva kama bitiruti, mdomo wazi bila neno. Nikaichukua ile fimbo ya kuokotea wazee, nikamwokota mzee. Nilimnasa ukosi, nikamvuta hadi kwenye ngazi ya ukutani, na benchi zima likainuka kumpandisha. Hawakuwa wamebeba kitu kizito hivyo tangu wastaafu.

Pale juu bado alikuwa hapumui. Sunniva, kinyozi aliyekuwa amekuja na boti yetu kukata watu nywele kisiwani, akashuka na mkasi wake, akalichana koti kutoka kooni mpaka tumboni. Jaketi likatoka nje kama donge la mkate lililosahauliwa likaumuka.

Arnfinn akavuta pumzi.

"Lilikuwa koti zuri," akasema.

"Na nywele je?" Sunniva akamuuliza. "Maana mkasi tayari uko nje."

Borghild alikuja mikono mifukoni.

"Nilikwambia ukiruka unashuka."

"Nimeshuka, shemeji."

Hakuna aliyecheka. Kwetu watu huenda kuchekea nyumbani.

Jumapili Borghild akaenda kula samaki na viazi kwa dada yake. Magnhild alimpa Arnfinn kiazi kidogo kuliko vyote.

"Kesho," Borghild akasema. "Jaketi juu ya koti. Fimbo mkononi. Ukirusha hata mguu mmoja, benchi."

Jioni ile Arnfinn alivisha kamba kwa fimbo kwenye nguzo ya uzio, akaitoa, akaivisha tena, kondoo wakimtazama. Kondoo hawasemi kitu, ndiyo maana aliwachagua.

Kesho yake gati lilijaa watu wanaosubiri vifurushi ambavyo hawakuagiza. Arnfinn alisimama sitahani, jaketi jekundu kifuani kama mtoto wa chekechea. Akanyoosha fimbo. Akakosa.

"Ulikuwa unaruka, siku hizi unavua?" Eivind akauliza.

"Navua. Nyamaza, utafukuza gati."

Akakosa tena. Mguu wake wa kulia ukapanda juu ya ukingo wa sitaha. Nikamwona Borghild dirishani ameshika kipaza sauti. Arnfinn akautazama mguu ule kama wa mtu mwingine, akaurudisha chini. Akanyoosha fimbo mara nyingine. Kitanzi kikaingia, kamba ikakaza, boti ikatulia.

Eivind akatazama nguzo, akatazama kamba, akatazama mawingu.

"Si mbaya," akasema.

Arnfinn akabaki amesimama na fimbo yake, hajui aweke wapi uso.

"Shemeji," Borghild akaita kwa kipaza sauti, kisiwa kizima kikisikia, "weka ngazi. Abiria wanaganda."