Maneno ya Jaji Aliyeshindwa

Halmashauri ya mji wetu hapa Ohio ilipotaka kuitwaa nyumba ya Verna Stallcup ili pajengwe maduka na maegesho ya magari, wengi walidhani angepokea fidia na kuhamia kwa dada yake kule Indiana. Hawakumjua. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na hata watoto wakaidi walimaliza maharagwe yake. Nyumba ile aliijenga mumewe, Leland, na Leland alifia humo.

Wakili aliyemwendea kwa ushauri alimwambia kesi hiyo hashindi. Basi Verna akaamua kujitetea mwenyewe. Mimi ni jirani yake, na kwa kuwa macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari, nilimpeleka kila Jumanne kwenye maktaba ya sheria, chini ya jengo la mahakama. Njiani tulipita kwa Harlan kinyozi, naye hakukosa la kusema.

"Wakili wa maharagwe huyo! Bi Verna, ukimalizana na halmashauri uje unitetee kwa mke wangu."

"Wewe, Harlan? Hata mchungaji amekukatia tamaa."

Maktaba ilikuwa mikononi mwa Bi Pfaff, ambaye aliimba kwaya moja na Verna. Alitupa kompyuta ya pembeni, akatuacha. Verna alitafuta huku na huku mtandaoni, mpaka akakutana na tovuti moja yenye bendera na picha ya ndege tai. Hapo palikuwa na maneno ya jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, kuhusu kesi kama yake. Jaji alisema kwamba mji ukiweza kumnyang'anya mnyonge nyumba na kumpa tajiri, basi hakuna aliye salama kwake. Verna alilia palepale. Alijenga hoja zake zote juu ya maneno hayo, akaziwasilisha mahakamani.

Jumanne iliyofuata alimpa Bi Pfaff nakala, afurahi naye. Bi Pfaff alisoma, akavua miwani.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Mtandaoni. Yana tatizo?"

"Fungua tovuti ya Mahakama Kuu yenyewe. Isome hukumu kuanzia mwanzo."

"Kurasa zote zile! Niambie tu kuna nini, shoga yangu."

"Siwezi, Verna. Kazi yangu ni kukuonyesha ukurasa. Nikikwambia maana yake nimejifanya wakili, na hapa sitakaa tena."

"Tunaimba pamoja kila Jumapili, leo unanibania maneno?"

"Ndiyo maana nakwambia soma kuanzia mwanzo."

Verna alikaa kwa hasira, akasoma. Nami nilisoma kando yake, polepole. Jua lilipoanza kushuka, kidole chake kilisimama kwenye kioo cha kompyuta. Juu ya yale maneno aliyoyapenda paliandikwa jina la jaji, na kando yake: anapinga. Kwetu jaji aliyezidiwa kura naye huandika yake, na maneno yake hutolewa pamoja na ya wenzake walioshinda. Tovuti ya tai haikusema hivyo. Walioshinda walikuwa wamesema mji unaweza kutwaa.

"Nimewapelekea maneno ya mtu aliyeshindwa," alisema.

Bi Pfaff alikuja, akasimama nyuma yetu. "Hiyo ni mahakama ya nchi. Ohio nayo ina katiba yake na mahakama yake kuu. Tovuti yao hiyo hapo. Ukipata kesi, angalia kwanza kama haijatenguliwa na nyingine."

"Huo si ushauri?"

"Huko ni kukuonyesha rafu ya vitabu tu."

Siku ya kesi, wakili wa halmashauri alisimama mahakamani na karatasi za Verna mkononi, anatabasamu. Verna alimwahi.

"Mheshimiwa, kurasa zangu zenye maneno ya Mahakama Kuu naomba nizifute. Maneno hayo ni ya jaji aliyepinga. Niliyaokota mahali pabaya."

Mtu alicheka huko nyuma. Jaji hakucheka. "Kimebaki nini, Bi Stallcup?"

"Mahakama ya jimbo letu, Mheshimiwa. Imesema kwamba, kwa katiba yetu wenyewe, faida ya kiuchumi peke yake haitoshi kumtoa mtu kwake." Akampelekea nakala.

Jaji alisoma kwa muda mrefu, kisha akamgeukia wakili. "Unalo jibu?"

"Tutathibitisha kwamba mtaa wenyewe umechakaa na ni hatari, Mheshimiwa."

Alipewa mpaka Aprili kuthibitisha. Mpaka hapo, nyumba isiguswe.

Kwenye gari nilimpongeza. Tulipofika alibaki amekaa, anaitazama baraza yake, mbao zilizobonyea na ukuta uliobabuka.

"Watakuja na kamera," alisema. "Jirani, una rangi nyeupe?"

"Ninayo."

Ilikuwa Novemba, na rangi haishiki kwenye baridi ile. Sikumwambia. Nilimshikia ngazi.