Kaburi la Babu Nililolitengeneza kwa Mikono Yangu

Nimekosa, jamaa zangu, na niliyemkosea ni bibi yangu aliyenilea! Nawaambieni nyinyi kwa sababu nyumbani hapana anayetaka kunisikiliza.

Miaka hii ya mwanzo ya elfu mbili kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka hapa Ibra, Omani. Mwaka jana Wazungu wa kampuni moja wakanitaka niwatengenezee mawe ya makaburi ya uongo, ya kupambia bustani siku yao ya kutishana, Halloween. Kazi ikanipendeza, Mungu anisamehe! Nachukua yale mapande meupe mepesi yanayokuja na friji mpya, nachonga herufi kwa kisu cha moto, naparuza kwa brashi ya waya, kisha napaka kijivu, rangi ya maji, maana ya mafuta huyala. Mwisho kijani kidogo, kama ukungu. Ukiliona unaapa ni jiwe!

Sasa Bibi yeye ni wa Unguja, na babu alikufa tulipohamia tu huku, mimi bado mtoto. Wanaume walimzika, na makaburi ya huku ni vijiwe vitupu, hayana jina. Baba ndiye aliyekuwa akilijua la babu, naye keshakufa. Bibi hakunipa raha: "Mjukuu wangu, n'onyeshe alipolala mume wangu. Miguu yangu inakwisha."

Nikachoka kusema kesho. Nikatengeneza jiwe moja zaidi, nikaandika jina la babu, nikalichomeka kwenye kaburi la mtu nisiyemjua. Nikamwambia, "Bibi, nimelipata! Na jiwe nimeliwekea."

Wallahi, alivyolia! Alilipapasa lile jina, akasoma Yasini, akanishika kichwa akaniombea dua. Nami nikaitikia amina! Ikawa kila Ijumaa asubuhi lazima nimpeleke.

Miezi ikapita. Siku moja alipomaliza kusoma, akaliegemea jiwe anyanyuke. Likakatika! Bibi akaanguka ubavu, vipunje vyeupe vikamjaa kwenye buibui.

Akaokota kimoja, akakiangalia. "Jee, hiki nini?"

Nikamwambia yote.

"Na aliyelala hapa nani?"

"Sijui, Bibi."

"Na babu yako yuko wapi?"

"Sijui."

Hakunipigia kelele. Laiti angenitukana! Nilimpa mkono nimnyanyue, akaukataa, akajikongoja mwenyewe mpaka garini.

Tangu siku hiyo yuko kitandani. Shikamoo yangu haitikii. Mimi ndiye mjukuu wake pekee wa kiume, mimi ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Juzi kamwambia dada yangu: "Nikifa, huyo asiniguse."

Nifanye nini mimi? Nimekwenda makaburini, nimeuliza wazee, hapana anayejua babu yuko wapi!

Nyinyi mnaosoma, mzee wenu akikuulizeni msilolijua, mwambieni hamjui! Mwacheni alie. Mimi niliogopa kilio chake cha siku moja, na leo nakaa nje ya mlango wake, namsikia dada akimlisha, na siruhusiwi hata kumpelekea maji.