Siku Nilidikte Message Mbele ya Inspecteur

Hii ni mambo ya kuficha, lakini wanafunzi wangu walisha kuyaeneza mu mutaa wetu wa Mabanga wote, afazali niyaseme mimi mwenyewe, angalau uongo upunguke.

Nafundisha psychologie, na ile siku inspecteur alikuja kunitembelea mu darasa ya finalistes, wale wa mwaka wa mwisho. Asubuhi préfet, mukubwa wa masomo yetu, alikuwa amenionya: cote, ile alama inspecteur anatoa, ikiwa mubaya, mwaka ujao ile darasa inapewa mwingine, mimi narudi kwa wadogo wa septième. Na somo ya siku ilikuwa gani? L'attention, ni kusema usikivu (musicheke bado).

Basi nikaanza na kiburi. Nikakusanya telefone za wanafunzi wote, nikaziweka mu carton juu ya meza, nikamwambia inspecteur, mwenye alikuwa ameketi kule nyuma, ati hivi vitu ndiyo vinaharibu batoto wetu, mutoto anasikiliza na sikio moja, kesho hakumbuki hata kichwa ya somo. Muzee akakubali na kichwa, akaandika kitu. Nikajiona nimesha pona.

Lakini résumé yangu mimi, ule muhtasari wa somo, ilikuwa wapi? Mu telefone. Ile juma sikuandika fiche ya kutayarisha somo (uvivu, siwezi kuuita jina lingine), nikamuomba Madame Espérance wa darasa ya pembeni, mwenye alifundisha ile cours kabla yangu, na yeye akanitumia yake kwa message. Nikaanza kudikte. Munajua namna sisi tunadikte: mwalimu anataja mpaka virgule, ule mukato mudogo, mpaka point à la ligne, ni kusema nukta na mustari mupya, na wanafunzi wanaandika kila kitu bila kuuliza. Jicho moja lilikuwa ku telefone, lingine kwa inspecteur, juu nilianza kuona kichwa yake inainama, inarudi, inainama tena, na mimi nafurahi ndani ya roho. Résumé ikaisha, na chini yake, pale pale, ikaingia message mupya ya Espérance, mu Kifransa safi (huyu mama hata akisengenya mutu anaweka accent zote), na mudomo yangu, kwa vile ilikuwa imesha zoea njia, ikaendelea na sauti ya somo (nawatafsiria): huyu muzee hana shida, virgule, kisha dakika kumi atalala, point, à la ligne, ongea polepole tu, virgule, na atakoroma.

Hakuna mutu aliinua kichwa. Ni mimi mwenyewe nilisikia lile neno, nikakatia hapo, na musichana mumoja wa mbele akauliza kwa heshima yote, "Madame, kisha 'atakoroma' tunaweka point?"

Nikaomba ardhi ipasuke, na huku kwetu Goma, chini ya volcan, hiyo si maombi ya kuchezea.

Inspecteur akasimama, akachukua kaye, daftari ya yule musichana, akavaa miwani, akasoma mpaka mustari wa mwisho. Kisha akaniomba niweke telefone chini nimuambie, kwa kichwa tu, attention ni nini. Macho yangu yakarudi ku telefone kutafuta définition, na nilikuwa nimetoka kuitaja mimi mwenyewe. Akauliza wanafunzi, wote wakaanza kufunua kaye. Muzee akavua miwani.

"Mama," akasema, "mu hii darasa yote ni mimi peke yangu nilisikiliza, na nilikuwa nasinzia."

Cote siisemi. Sasa niko mu septième, kama préfet alivyoahidi, na niliapa: fiche naandika kwa mukono, naijifunza nyumbani Katindo mpaka bwana yangu naye anaijua, telefone nawachia mu bureau. Na kila mustari nasimama, nauliza batoto nimesema nini, juu sitaki tena mikono ya kuandika bila masikio. Juzi kijana mumoja akasimama wima, akajibu na sauti kubwa, "Madame amesema virgule."

Nikamuambia akae, tuanze tena.