Mwongozo wa Wokimani Alioandika Baba

Baba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tulihama nyumba za kampuni mjini Mwanza, tukaenda kuishi Kigongo kwenye kiwanja cha ukoo wa mama. Haikupita wiki mama akaanza kukaanga samaki na kuwauzia abiria wanaosubiri pantoni ya kuvuka ziwa kwenda Busisi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, nikawa msaidizi wake. Baba alichagua kiti. Alikaa uani tangu asubuhi, shati limechomekwa vizuri, na ukimwamkia anaitikia kwa adabu zote, halafu basi. Sijawahi kumwogopea mtu kama nilivyomwogopea baba mwaka ule. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi. Alikuwa anaisha tu, taratibu, mbele ya macho yetu.

Kule kiwandani mashine zilikuja na vitabu vya Kiingereza, na kazi yake ilikuwa kuvisoma na kuviandika upya kwa Kiswahili cha watu watakaozishika hizo mashine. Nani angemhitaji mtu wa namna hiyo Kigongo?

Lakini ndiyo miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini tuliyozoea kupangia foleni ya sabuni yakajaa vitu vya Dubai, na sisi vijana tukazuzuliwa na wokimani, kile kiredio cha kaseti cha kuchomeka kiunoni, chenye hedifoni za kuvaa kichwani. Vilikuja na vijitabu vyenye maandishi ya Kijapani, Kichina na Kiingereza. Mfanyabiashara mmoja aliyefahamiana na baba alikuwa anarudishiwa wokimani kila mara, nzima kabisa, wenyewe wakilalamika kwamba imekufa. Akampa baba moja na kijitabu chake cha Kiingereza, akamwomba aandike cha Kiswahili ili kiwekwe ndani ya kila boksi.

Baba akainuka kitini. Mimi ndiye niliyefanywa mnunuzi wa majaribio. Ananipa ukurasa, ananipa na wokimani, anakunja mikono kuangalia nitakosea wapi. Nikikosea hanisemeshi, anachukua kalamu anaurekebisha ukurasa. Siku ya kwanza nilikasirika, nikamwambia si uniambie tu, baba, yaishe.

“Mnunuzi sitakuwa naye nyumbani kwake,” akasema.

Kijitabu kikakua, kikapita kile cha wenyewe Wajapani. Aliandika kwamba betri zikichoka usiziume kwa meno, zianike juani. Kaseti irudishe nyuma kwa kalamu ili usimalize betri. Kile kichwa kinachosoma utepe kisafishwe kwa pamba na spiriti kidogo, na hapo kwenye pamba alijiachia, akaeleza ipi inafaa na ipi inaacha nyuzi, karibu nusu ukurasa. Siku moja nikapita mbele ya bibi jirani nimevaa hedifoni, akanisemesha sikusikia, akaja nyumbani kushitaki kwamba binti wa msomi sasa hana hata shikamoo. Nilijiandaa kugombezwa. Baba akamwomba radhi bibi, akaingia ndani, akatoka na ukurasa mpya: ukiona mtu mzima mbele yako, vua kwanza, amkia, subiri marahaba, ndipo uvae. Akauweka mwanzoni kabisa, kabla ya betri.

Vijitabu vikapigwa chapa shuleni, vikadurufiwa parokiani, tukavibana kwa pini sisi wenyewe. Baba akavipeleka mjini kwenye katoni. Alirudi baada ya muda mfupi na katoni ileile, akaiweka kona ya sebule, akarudi kwenye kiti chake uani. Ilibidi mama amchokonoe mpaka aseme. Wateja walikuwa wanafungua boksi, wakiona Kiswahili wanarudisha wokimani kaunta. Kitu cha nje, walisema, kinakuja na maandishi ya nje. Chenye Kiswahili ni feki, kimetengenezwa hapahapa uchochoroni. Kijitabu wasichoweza kusoma ndicho walichokiamini.

Nililia, na sikulia kwa siri. Baba alikula kidogo, akaongea kidogo, na safari hii hata shati hakulichomeka.

Sasa siku moja tuko kivukoni, foleni ya magari ni ndefu, samaki wanatoka kama njugu. Magazeti ya kufungia yakatuishia. Mama akavuta mfuko chini ya meza, akatoa kurasa za baba, alizozichomoa kwenye vijitabu vya ile katoni, akaanza kufungia sato. Nilimshika mkono. Nikamuuliza kama amechoka na baba kiasi hicho, na mengine ambayo mtoto hamwambii mama yake mbele ya wateja.

“Zikikaa ndani zitaliwa na mchwa,” akasema, “na baba yako ataliwa pamoja nazo. Fungia samaki.”

Nilifungia. Niliona abiria wakila huku wanasoma, maana mtu anayesubiri pantoni husoma chochote, hata kama kina mafuta.

Haukupita muda mrefu akaja kwenye meza yetu mwanaume mmoja wa upande wa Sengerema, ana wokimani mkononi na karatasi iliyokunjwa, akiuliza aliyeiandika anakaa wapi. Mama akaniambia nimpeleke. Njia nzima niliwaza kwamba baba angeiona karatasi na angejua ilikotoka.

Mgeni akaamkia. Akasema wokimani yake aliinunua baada ya kuuza pamba, na ilikuwa imekaa kimya tangu mavuno. Akasoma: “Kama kaseti haizunguki na betri ni mpya, usikimbilie dukani. Angalia ubavuni, pana kiswichi kidogo cha...” Akageuza karatasi. “Mzee, hapa pameisha. Nimevuka ziwa kufuata mbele yake.”

Baba aliipokea ile karatasi, akainusa, akanitazama. Kisha akaenda sebuleni, akarudi na kijitabu kizima, akampa mgeni. Mgeni akasoma polepole, kidole kikaenda ubavuni, kikasukuma kile kiswichi cha kufungia vitufe. Kaseti ikaanza kuzunguka. Alicheka peke yake, hedifoni kichwani, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Baba alisubiri avue, halafu akamuuliza kwa makini kabisa kama kuna neno lolote humo lililompa taabu. Mgeni akafikiri, akataja moja. Baba akakimbilia kalamu.

Mgeni alipoondoka alichukua vijitabu vingine kwa ajili ya wenzake kijijini, akasema kule wokimani zilizolala ni nyingi.

Kesho yake mama bado anapuliza mkaa wa chai, tukasikia sauti barabarani. Baba alikuwa amesimama na katoni begani, shati limechomekwa, anatuita twende kivukoni, kwamba pantoni ya kwanza itaondoka na abiria wake wote kabla hawajaviona vijitabu, kwani sisi tunangoja nini? Mama aliniangalia, akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Mtu ambaye miezi yote ile hakuwa na pa kwenda alikuwa anaogopa kuchelewa.