Pua ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu Mwanaasha binti Jaku alikuwa na mafua ya miaka miwili. Usicheke. Mafua ya watu wengine huja, yakapigiwa chafya, yakaondoka. Ya kwake yalihamia kabisa. Paji la uso lilimlemea, mashavu yalimuuma chini ya macho hadi kwenye meno ya juu, na akiinama kufagia ilimbidi ashike ukuta mpaka kichwa kitulie. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akivuta pumzi kwa mdomo.

Alikuwa Mpemba. Alikuja Tanga na mumewe, na mume alipofariki alimlea mwanawe Bakar kwa kupika udi wa harusi. Mimi Semeni, Mdigo wa Moa, niliolewa na huyo Bakar nikaletwa nyumbani kwao Nguvumali. Mtaani kwetu hakuna bibi harusi aliyeingizwa chumbani bila nguo zake kufukizwa udi wa Mwanaasha. Hakupima kitu kwa macho. Sukari ikichemka pamoja na unga wa sandali, alifumba macho akaiinamia sufuria, na harufu ilipogeuka tu alisema, "Epua!" Ukichelewa kidogo sukari huungua, na udi huo ukiutia kwenye makaa ya chetezo unanuka kama wali ulioshika chini.

Sasa pua ikaziba. Alifumba macho vilevile, akangoja harufu isiyokuja, na sukari ikaungua mbele yangu.

Ningesema. Najua. Lakini wewe umewahi kumwambia mkweo kwamba kazi yake imeharibika, naye ni mtu ambaye hata ukimwamkia shikamoo unatazama chini? Nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Nikapeleka kopo la udi huo kwa wenye harusi. Wakalipokea kwa mikono miwili, wakafukiza kidogo, wakatazamana, wakalifunika. Waliazima udi mwingine kwa jirani, na hakuna aliyefungua kinywa, kwa kumstahi mtu mzima. Niliporudi mkwe wangu aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wameshukuru mno, mama."

Akatabasamu. Tangu siku hiyo nilimletea shukrani za uongo kutoka kila nyumba, na kila moja niliipamba kuliko iliyotangulia.

Ndiyo maana nilihangaikia dawa zake kuliko hata Bakar. Nilimtia mafuta ya habasoda puani, matone mawili kila tundu. Alitafuna karafuu alizoletewa na ndugu zake wa Pemba. Kila alipotia udhu nilimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ayavute puani kisha apenge. Hayo yalimpa nafuu, kwa saa moja hivi. Daktari alisema usaha umejikusanya ndani ya mifupa ya uso, akampa vidonge. Maumivu yakapungua, yakarudi. Nilitaka apone asiendelee kuharibu. Na niliogopa apone, kwa sababu kopo la udi aliopika mara ya mwisho lilikuwa kabatini.

Mwaka 1954 Mzee Idarusi, tajiri wa mtaani kwetu, akaja mwenyewe kuagiza udi wa harusi ya bintiye. Wake zake walijua habari za udi ulioungua, lakini mambo ya chetezo nani humwambia mwanamume? Mkwe wangu alifurahi sana. Alisema kabla ya kupika atapiga nyungu, kichwa kiwe chepesi.

Jirani yetu Kristina, mke wa mkata mkonge, alituletea majani ya mkaratusi. Nikayachemsha na mrehani na mchaichai, nikakiweka chungu katikati ya miguu ya mkwe wangu, nikamfunika blanketi zito. Alitoa jasho, akakohoa, akapenga kwa muda mrefu. Alipojifunua uso ulikuwa umelowa na mdomo umefungwa. Alikuwa akipumua kwa pua.

"Alhamdulillahi! Semeni, nasikia harufu ya sabuni nguoni mwako!"

Nililia kwa furaha, wallahi. Ilikuwa furaha ya kweli.

"Lete kaa la moto," akasema. "Na kopo langu. Nataka nisikie udi wangu, mwanangu."

Ningeweza kusema kopo limekwisha. Nilikuwa hodari wa uongo mkubwa kuliko huo, lakini siku ile ulimi haukunitii. Nikamletea. Akatia chembe mbili juu ya kaa, akafumba macho. Moshi ukapanda. Akafumbua macho, akatia chembe nyingine, akaziangalia zikiungua.

"Huu ndio uliokuwa ukiwapelekea watu?"

"Ndiyo, mama."

"Wote ulikuwa hivi?"

"Wote."

"Na zile shukrani?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia niliona haya, nikamwambia sikutaka kumvunja moyo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Pua yangu iliziba, Semeni. Yako je?"

Akajifuta jasho, akataka buibui lake. Nikamuuliza aenda wapi na mwili bado una joto la nyungu. Akasema anakwenda kuomba radhi kwa kila mtu aliyemharibia harusi. Nyumba zenyewe hakuzijua zote. Mimi ndiye niliyezijua. Nikamtangulia njiani, na kila mlango tuliopiga hodi alisimama nyuma yangu, akingoja nianze mimi kusema.